Mnyama Yuleyule, Picha Baada ya Picha

Kwa miaka mingi, mtafiti aliyetaka kujua kiharusi kimeuharibu ubongo wa panya kwa kiasi gani alilazimika kumuua panya huyo, kuukata ubongo wake vipande vyembamba na kuvitia rangi. Jibu alilopata lilikuwa la siku ile tu. Alipotaka kujua hali ya siku ya 3, ya 7 na ya 28, alihitaji kundi jipya kwa kila siku, kisha akawalinganisha wanyama mbalimbali kana kwamba ni mmoja. Kwangu mimi, faida kubwa ya kipimo cha MRI, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili wa mnyama akiwa hai, ni kuiondoa kasoro hiyo, na ndiyo maana husikitika ninaposoma utafiti uliopiga picha moja tu, tena ya mwisho.

Mashine hii huonyesha zaidi ya kidonda. Mwaka 1990, majaribio kwa paka yalionyesha kwamba picha inayofuatilia mwendo wa maji ndani ya tishu huubaini upungufu wa damu mapema, kabla picha za kawaida hazijaonyesha lolote. Mwaka huohuo Seiji Ogawa na wenzake, wakitumia panya, walionyesha kuwa kiwango cha oksijeni katika damu hubadilisha picha ya MRI, na kutoka hapo ikawezekana kuutazama ubongo ukifanya kazi. Panya aliyepooza mguu mmoja wa mbele anapoguswa mguu huo siku za mwanzo, upande wa ubongo usioumia, ambao kwa kawaida hauhusiki sana, huweza kuitikia. Wiki kadhaa baadaye, kwa wanyama wanaopata nafuu nzuri, mwitikio huelekea kurudi upande ulioumia. Mabadiliko hayo hayawezi kusomwa katika ubongo uliokwisha kukatwa.

Picha ninayoisisitiza kuliko zote ni ile ya kabla ya tiba. Katika njia iliyozoeleka, uzi mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa shingo hadi uzibe ateri ya kati ya ubongo, na hata mkono uleule wenye ustadi huacha madhara makubwa kwa panya huyu na madogo kwa yule. Bila picha ya mwanzo, dawa inaweza kusifiwa kwa kidonda kilichokuwa kidogo tangu awali. Tathmini ya mwaka 2006 ilihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa dhidi ya kiharusi, nyingi zikiwa zimeishia maabara, na dawa ya NXY-059, iliyotiwa matumaini makubwa kutokana na wanyama, ilishindwa kuwasaidia wagonjwa katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007.

Sisemi kwamba picha hujitosheleza. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi ili atulie, na dawa hiyo yenyewe hubadilisha mtiririko wa damu na mwitikio wa neva. Kwa hiyo kila picha iambatane na kipimo cha mwendo, kwa mfano jinsi mnyama anavyonyoosha mguu kuchukua chembe ya chakula. Wapimwe pia panya wazee na wenye shinikizo la damu, kwa sababu wagonjwa wengi wa kiharusi si vijana wenye afya. Zaidi ya hayo, kulazwa mara kwa mara ni mzigo kwa mnyama, hata kama idadi ya wanaouawa imepungua, na kila siku ya kupiga picha inapaswa kuandikwa pamoja na sababu yake kabla panya wa kwanza hajaingizwa kwenye mashine.