Rangi ilizaliwa jaridani, ukutani ilipelekwa tu

Historia ya picha za rangi husimuliwa kana kwamba ilianza Mei 1976, pale Museum of Modern Art ya New York ilipotundika picha za mpiga picha Mmarekani William Eggleston zilizochaguliwa na John Szarkowski, mkuu wa idara ya picha ya makumbusho hayo. Wakosoaji wengi walizishambulia: vitu vya kawaida mno, rangi za kitangazo. Leo maonyesho hayohayo yanatajwa kuwa siku ambayo rangi ilipewa ruhusa ya kuitwa sanaa. Kwa maoni yangu ruhusa hiyo ilichelewa miaka 40 hivi. Makumbusho yalikuja kubariki ndoa ambayo watoto wake walikuwa wameshakua. Kazi ngumu ya kuifanya rangi iseme jambo ilikuwa imefanywa zamani kwenye kurasa za majarida, na watu waliolipwa kupiga picha za magauni, kofia na mikoba.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye picha za Eggleston mwenyewe zilizochapwa. Chukua ile ya dari jekundu lenye balbu tupu, aliyoipiga Greenwood, Mississippi, mwaka 1973. Ilichapwa kwa njia ya kuhamisha rangi, ambayo aliikuta kwenye orodha ya bei ya maabara moja ya Chicago, ikiwa ghali kuliko zote. Bei ilitokana na kazi yenyewe. Slaidi inapigwa upya mara tatu kupitia filta nyekundu, kijani na buluu, zinapatikana negativu tatu. Kila negativu inazaa filamu yenye tabaka la jelatini lililoinuka na kubonyea kama muhuri: panapohitaji rangi nyingi jelatini ni nene, panapohitaji kidogo ni nyembamba. Filamu ya kwanza inaloweshwa kwenye rangi ya sayani (buluu ya kijanikijani), ya pili majenta (waridi iliyokolea), ya tatu manjano, kisha zinabanwa moja baada ya nyingine juu ya karatasi ileile. Zikipishana kwa unene wa unywele, kingo za kila kitu zinaota ukungu wa rangi na karatasi inatupwa. Zikikaa sawa, mchapaji anaweza kuongeza au kupunguza rangi moja bila kuzigusa mbili nyingine. Waliotumia sana njia hii kabla ya wasanii walikuwa watu wa matangazo na majarida. Basi hata wekundu wa lile dari, unaotazamwa sasa kwa kunong'ona, ulipikwa katika jiko la biashara.

Ninaposema picha za majarida nakusudia zile zinazopigwa kwa mfululizo ili kubeba simulizi ya kurasa kadhaa, chini ya mhariri na mkurugenzi wa sanaa. Tangazo lenye jina la bidhaa pembeni ni jambo jingine, ingawa mpigaji huwa ni yuleyule. Hatua kubwa ilipigwa Julai 1932, jarida la mitindo la Vogue lilipotoa jalada lake la kwanza lenye picha ya rangi badala ya mchoro: mwanamke aliyevaa vazi la kuogelea, ameinua mpira, kazi ya Edward Steichen. Wakati huo filamu ya rangi ya kuweka ndani ya kamera ndogo haikuwa imeenea. Njia ya kawaida ilikuwa negativu tatu, kila moja na filta yake, na zikipigwa kwa kufuatana mwanamitindo akihema vibaya pua yake ilipata vivuli vitatu.

Kodachrome ilibadilisha mambo. Ilitoka 1935 kwa kamera za sinema na 1936 kwa kamera za picha, na waliobuni kemia yake, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, walikuwa wanamuziki. Filamu hiyo ilikuwa nzito kuamka. Kasi yake ya mwanzo, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ni sawa na takriban ISO 10 ya leo: kwenye jua kali la mchana unafungua tundu la lenzi f/5.6 na shata ya sekunde 1/80, na ndani ya nyumba unahitaji rundo la taa. Haikusamehe pia. Ukizidisha mwanga kwa nusu stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), weupe wa kitambaa unaungua na haurudi. Ukipunguza, vivuli vinaziba kama lami. Negativu ya rangi inavumilia kuzidishiwa stopu mbili au tatu, slaidi kama Kodachrome haivumilii.

Vikwazo hivyo, naamini, ndivyo vilivyozaa sanaa. Filamu isiyobeba tofauti kubwa ya mwanga ilimlazimu mpiga picha kutafuta mwanga laini, na mwanga laini ndio unaoacha rangi ionekane ilivyo, kwa sababu jua kali hupausha upande mmoja na kuufunika mwingine kwa giza. Tena kurasa za rangi zilikuwa chache na ghali, zikipangwa mapema, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kupiga kwanza na kufikiri baadaye. Nguo, ukuta, kiti na kivuli cha kiti vilijadiliwa kabla ya filamu kuingia kwenye kamera.

Louise Dahl-Wolfe ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Alipigia picha jarida la mitindo la Harper's Bazaar kuanzia 1936 hadi 1958, chini ya mhariri Carmel Snow na mkurugenzi wa sanaa Alexey Brodovitch. Alikuwa amesomea nadharia ya rangi, akasumbuana na wachapaji juu ya karatasi za majaribio mpaka wino ukubaliane na alichokiona. Jalada lake la Machi 1943 lina Lauren Bacall katika suti ya buluu iliyokoza, mbele ya kioo chenye alama ya msalaba mwekundu wa kituo cha kuchangia damu. Wekundu wa msalaba unaitikiwa na midomo yake. Ukiondoa wekundu huo, jalada linabaki msichana amesimama mlangoni. Oktoba ya mwaka huohuo Irving Penn alitoa jalada lake la kwanza la Vogue bila mwanamitindo yeyote: mkoba, glavu, machungwa, malimau na jiwe la topazi. Kahawia, manjano na chungwa ni jamaa wa karibu, na jicho linatembea kutoka tunda hadi ngozi ya mkoba bila kujikwaa.

Kuna wengine ningeweza kukaa nao siku nzima: Ernst Haas, ambaye jarida la Life lilimpa kurasa 24 za New York mwaka 1953, Saul Leiter, mchoraji aliyepiga mitindo na kuficha nusu ya fremu nyuma ya vioo vyenye mvuke, Guy Bourdin na wekundu wake usio na aibu. Gordon Parks alipotumwa na Life kwenda Alabama mwaka 1956 kuhusu ubaguzi, alipiga kwa rangi. Mwanamke na mpwa wake mdogo katika magauni yaliyopigwa pasi, juu yao taa ya neoni nyekundu ya kuwaonyesha mlango wa watu weusi. Katika nyeusi na nyeupe neoni ile ingekuwa maandishi tu. Ndani ya rangi inawaka juu ya vichwa vyao. Halafu alikuwapo Walker Evans, aliyeita picha za rangi ushamba huku mwenyewe akiwa amechapisha kurasa za rangi katika jarida la Fortune. Wazee hawa nao walikuwa na vituko.

Sitaki kupamba. Kurasa nyingi za rangi za enzi hizo zilikuwa mapambo matupu, na watangazaji waliamua mengi. Dhambi kubwa zaidi ilikuwa ya ngozi. Maabara zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley, na kipimo cha "sawa" kikawa uso wake. Ngozi nyeusi ilitoka kama doa lisilo na pua. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi zilikuja miaka ya 1990, na watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kuwa kahawia zao hazitofautiani, wanatajwa miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe. Haishangazi kwamba Vogue ya Marekani ilisubiri hadi Septemba 2018 ndipo jalada lake lipigwe na mpiga picha mweusi, Tyler Mitchell.

Tatizo hilo halikuisha na filamu. Mita ya kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ikiona uso mweusi umejaza fremu inaongeza mwanga, na uso unatoka umefifia kama umepakwa majivu. Pima mwanga unaomwangukia mtu, kwa mita ya mkononi au kwa kadi ya kijivu iliyo mbele ya kidevu. Tumia chanzo kipana cha mwanga, kitambaa cheupe cha mita 1.5 au zaidi, kikiwa ubavuni badala ya mbele, kwa sababu ngozi nyeusi inachongwa na mng'ao wa pembeni kuliko kivuli. Fleshi ndogo tupu huacha vidoa vyeupe kwenye paji la uso. Ukitumia taa za LED, usiridhike na alama ya jumla ya ubora wa rangi ya 95. Angalia pia alama iitwayo R9, inayopima wekundu uliokolea. Ikiwa chini, damu inatoweka chini ya ngozi na kila mtu anaonekana mgonjwa.

Anayetaka kujifunza rangi leo ningemshauri ajirudishie vikwazo ambavyo kamera ya kidijitali imeviondoa. Chagua kwanza rangi ya uwanja, ile itakayochukua zaidi ya nusu ya fremu. Kisha rangi ya pili iliyo jamaa yake, na ya tatu ya kupingana nayo, ndogo, isiyozidi sehemu moja ya kumi. Piga picha moja ya kadi ya vibao 24 vya rangi kila mwanga unapobadilika. Funga mizani ya weupe, mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi, kwa namba, mfano 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), usiiachie kamera. Ikijichagulia itaona gauni jekundu na kuvuta picha nzima kwenye sayani, halafu fremu inayofuata inarudi. Kwenye skrini hutaligundua. Kurasa mbili zinapotazamana, mwanamke mmoja anakuwa na nyuso mbili.

Changanyiko la mwanga ndilo linaloua picha nyingi zaidi. Dirisha la kivulini ni kama 7000 K, balbu ya zamani 2800 K, na hakuna mizani inayozitibu zote mbili kwa pamoja. Zima moja, au funika taa kwa plastiki ya rangi mpaka zikaribiane. Ukuta nao ni taa: mtu akisimama nusu mita kutoka ukuta wa kijani, taya lake linaota kijani. Msogeze mita mbili mbele.

Wekundu una hila yake. Grafu ya mwanga ya kawaida inaweza kuonyesha usalama huku chaneli nyekundu imeshaungua, na mikunjo ya kitambaa imegeuka bamba. Washa grafu ya chaneli tatu, punguza theluthi mbili za stopu, rudisha mwanga baadaye kutoka kwenye faili ghafi (RAW). Na kabla ya kugusa kitelezi cha kukoleza rangi, jaribu kupunguza rangi zilizo jirani. Nyekundu hung'aa kwa sababu ya ukimya unaoizunguka, na picha za siku hizi zinapiga kelele kila kona.

Kwenye karatasi mambo yanabadilika tena. Wino nne hazifiki inakofika skrini: buluu kali inaelekea zambarau, chungwa na kijani cha neoni vinazimika. Tazama jaribio la skrini kwa profaili ya mchapaji wako, yaani faili inayoeleza rangi za wino na karatasi yake, kabla ya kumpa mhariri ahadi. Jumla ya asilimia za wino zote nne mahali pamoja kwenye karatasi ya kung'aa isizidi takriban 300, kwenye karatasi ya gazeti 240. Ikizidi haikauki na inachafua ukurasa wa jirani. Kwa ngozi nyeusi punguza sayani kwanza, maana ndiyo inayoleta ujivu. Ukurasa wa sentimita 21 kwa 28 unataka pikseli 2480 kwa 3307, kisha uongeze milimita 3 za kukatwa kila upande. Picha ya kurasa mbili usiweke jicho wala mkono katikati: jarida lililogundishwa kwa gundi humeza sentimita nzima mshononi.

Karatasi nyingi za rangi za miaka ya 1970, zile za kawaida za maabara na si zile za kuhamisha rangi, zimepoteza sayani hata zikiwa gizani, na picha zimegeuka za wekunduwekundu. Makumbusho kadhaa sasa huzihifadhi kwenye baridi au huchapa upya kutoka faili. Anayechapa upya anahitaji kitu cha kulinganisha nacho, na mara nyingine kilicho karibu zaidi na rangi ya siku ile ni nakala ya jarida iliyolala imefungwa rafuni.