Shemeji Anataka Bahari Isiyokupwa

Shemeji yangu aliyeko Leicester, Uingereza, ameniandikia tena leo alfajiri, kahawa ikiwa bado ya moto, kunikumbusha kwamba anangoja jina la ufukwe. Anataka kuja kukaa pwani miezi minne, afanye kazi zake kwa kompyuta huku nyayo zikiwa mchangani, na katika ukoo mzima wenye vijana wenye pikipiki na macho makali, aliyeonekana anafaa kumchagulia mahali ni mimi, karani mstaafu mwenye baiskeli na goti moja zima. Masharti yake ni mepesi: mchanga mweupe, maji ya kuogelea saa yoyote, intaneti isiyokatika, hospitali karibu, na watu wasiwepo. Nilimwandikia kwa adabu kwamba ufukwe usio na watu katika mkoa huu una sababu ya kutokuwa na watu, na si vizuri kuigundua sababu hiyo ukiwa umekwisha kuvua shati.

Tena huyu bwana si mgeni. Amezaliwa hapa hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, akakulia kwa mihogo ya kukaanga na bwimbwi, ule unga mtamu wa watoto, la kununua mlangoni mwa shule, na leo ananiuliza kama Tanga kuna mbu.

Jambo la kwanza nililojaribu kumweleza ni kwamba pwani huchagui mahali peke yake; unachagua na mwezi. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, jua linawaka lakini bahari inaogeleka. Kisha huja mvua za masika, ambazo kwetu hazina haraka ya kuondoka, na Mei ndio mwezi wake wa kutamba. Halafu kusi hushika, upepo ukawa wa baridi kidogo na mawimbi nje ya miamba yakawafanya hata wavuvi wafikirie mara mbili. Akanijibu kwa furaha kwamba amekwisha kupata tiketi ya bei nafuu mno, ya kuingia mwishoni mwa Machi. Nafuu! Hoteli nyingine za ufukweni hufunga milango Aprili na Mei, wenyewe wakapaka rangi na kuziba mapaa yanayovuja, naye anadhani amewazidi akili wenye ndege. Nilipomkumbusha kwamba kwa pasipoti yake mpya ya Uingereza viza ya kawaida ni ya siku 90, na kwamba miezi minne kwa hesabu tuliyofundishwa shule moja inazidi hapo, aliniambia nilitazame na hilo pia.

Nikaenda kwa dalali. Kijana mwenye heshima, alinishikia mikono miwili, akapokea pesa ya kuonyeshwa nyumba, ambayo hairudi hata kama nyumba yenyewe haikuonekana, na akaniapia.

"Shikamoo mzee wangu. Nyumba ninayo, ya ufukweni kabisa. Ukifungua mlango, bahari hii hapa."

Tulitoka nje kidogo ya mji kwa njia ya Pangani, watatu juu ya bodaboda moja, mimi nikiwa katikati kama barua ndani ya bahasha, na tukafika kama saa nne asubuhi. Mwezi ulikuwa mpevu usiku uliotangulia, jambo ambalo mtu wa pwani mwenye akili timamu angelikumbuka kabla ya kutoa pesa. Dalali akafungua mlango wa mbele kwa mbwembwe. Mbele yetu palikuwa na tope, mikoko, mashua iliyolala ubavu, akina mama walioinama wakiokota chaza, na mbali kabisa, karibu na Pemba kwa makadirio yangu, mstari mwembamba mweupe.

"Mwanangu, bahari iko wapi?"

"Imetoka, mzee."

"Imetoka kwenda wapi?"

"Ni bamvua hii, mzee wangu, maji makuu ya mwezi mpevu. Saa kumi itakuwa hapa hapa mlangoni."

"Na kesho?"

"Kesho itachelewa kidogo. Dakika hamsini hivi."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa maana maji hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua hushuka zaidi ya mita tatu, bila kujali kwamba kuna mtu Leicester ana mkutano saa nane na anataka kuogelea kabla yake. Niliomba kuona maji ya bomba. Hapakuwa na bomba. Kulikuwa na kisima chenye chumvi kidogo, ambayo dalali aliihesabu miongoni mwa sifa za nyumba, kwamba mgeni akitoka baharini akaenda kuoga hatahisi tofauti. Intaneti ilipatikana, lakini juu ya mnara wa tangi, ukisimama upande wa kusini. Mabati yalikuwa na kutu hata pale palipopakwa rangi wiki iliyopita. Ndipo akampigia simu mwenye nyumba, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu miezi minne si mpango wa watu wazima, na kwa bei iliyonifanya nimuulize kama ndani kuna dhahabu. Akanijibu kwa upole kwamba mzee sijasikia habari za bomba la mafuta.

Nimesikia. Linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ambako ni upande wa pili wa mji, na kutoka kwenye kisima kile cha chumvi huwezi kuiona Chongoleani hata ukipanda tangi la intaneti. Lakini hakuna chumba katika wilaya hii, hata kile kinachonuka dagaa, ambacho bomba hilo halijapita katikati yake siku ya kutaja kodi. Hapo, nikiri, sauti ilinipanda. Nilisema mambo juu ya wenye nyumba, madalali, mwezi mpevu na ukoo wa mke wangu, na mama mmoja aliinuka na ndoo yake ya chaza kumtazama mzee mzima anayefokea maji kupwa. Dalali alinisubiri nimalize, kisha akaniomba hela ya mafuta ya kurudi.

Raskazone bahari ipo na mji uko jirani, ila wenye nyumba hutaja dola kabla ya salamu. Bagamoyo, alikopendekeza mke wangu, ni karibu mno na Dar es Salaam, na mwisho wa wiki Dar es Salaam huja na spika zake. Pangani kijana mmoja alinihakikishia kwamba anaweza kunitafutia kiwanja kisiwani Maziwe, fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sawasawa halionekani. Ushongo, ng'ambo ya mto, ndiko kwenye mchanga mweupe na minazi ya kweli, na ningekuwa mimi ningekwenda huko Januari nikamaliza mjadala. Nilipomwandikia shemeji hayo, aliuliza kama duka la kijijini linauza maziwa ya shayiri.

Mke wangu anasema nisimvunje moyo kaka yake. Simvunji. Ninachouliza ni nani anayelipia bando, maana sasa anataka video ya kila ufukwe, ya dakika kumi, maji yakiwa yamejaa, bila mtu kukatiza mbele, na ile ya Kigombe ameirudisha akidai mawimbi yanapiga kelele na nijaribu tena kwa simu nzuri zaidi. Simu hii alininunulia yeye.