Mpeni Mtoto Juzuu Yake

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu lina watu zaidi ya mia. Wapo Unguja na Pemba, wapo Mombasa, Maskati, Dubai, London na Toronto. Kila Ijumaa simu inaanza kulia kabla sijanywa chai: picha za mawaridi, "Jumaa Mubarak", dua iliyopitishwa mkono kwa mkono mpaka haijulikani ilianzia kwa nani. Watu wanaitikia Amin, siku inapita. Kundi hilo hutujulisha nani kafa na nani kaoa, na hilo si dogo. Lakini mtoto aliyezaliwa London hataujua ukoo wake kwa kutumiwa picha ya waridi. Atakuwa wetu siku atakayopewa kazi ambayo asipoifanya yeye, pengo litaonekana.

Ukoo wetu ulitawanyika kama koo nyingi za Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwaondoa baadhi. Wengine walikwenda Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Waliofuata walikwenda kusoma na kutafuta kazi, wakaoa huko huko. Hata wanazuoni walipita njia hizo: Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilichapwa 1969, alizaliwa Unguja, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafia Maskati mwaka 1982. Utotoni mwangu habari za ami zangu zilifika kwa kaseti. Mtu alikaa na redio yake akatoa salamu kwa kila jina, akampa msafiri, nasi tukasikiliza sote kwa pamoja sebuleni, mama akilia kimya kimya.

Sasa tunayo hitima, kisomo cha Qurani nzima. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Shaabani, tunawarehemu wazee wetu. Wiki tatu kabla, binamu yangu wa Maskati hugawa juzuu 30, yaani sehemu 30 za Qurani, kila moja na jina la msomaji. Juzuu moja ni kama kurasa 20 za msahafu wa Madina, kwa hiyo anayesoma kurasa nne baada ya kila sala huimaliza kwa siku moja. Watoto wadogo hugawana Juzuu Amma, yenye sura 37, na hakuna mtoto mdogo kiasi cha kukosa Kulhuwallahu yake.

Mnamo siku mbili za mwisho ndipo ninapouona ukoo. Binamu anapiga simu: "Juzuu ya 17 bado, kulikoni?" Na mwenye juzuu ya 17, ambaye hakusema neno kundini mwaka mzima, anaeleza kwamba kazi imemzidi, au mkewe yupo hospitali. Tusingejua. Mwengine anaichukua juzuu yake, na jioni ile ile watu wanaanza kupiga simu kumuuliza hali mgonjwa. Nimeona habari nzito za ukoo huu zikitoka kwa njia ya juzuu iliyochelewa kuliko kwa njia nyengine yoyote.

Tunakutana kwa video saa 3 usiku kwa saa za Unguja. Maskati ni saa 4, London saa 12 jioni, na Toronto ni saa 7 mchana, mtu amefunga mlango wa ofisi. Kwetu chetezo kinafuka ubani chini ya marufaa ya msahafu. Baada ya kisomo husomwa majina ya marehemu kutoka kwenye daftari la mama, na hapa ndipo tulipowahi kukosea.

Daftari hilo mama aliliandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Qurani. Kila mstari una jina, pahala alipozaliwa mtu na pahala alipozikwa. Mwaka mmoja tulipiga picha kurasa zake, tukampa msichana wa ndugu yangu wa London asome. Ana miaka 13. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini herufi anazijua kwa sababu madrasa hakosi. Alisoma vizuri, taratibu, kidole kwenye skrini. Alipofika kwa mtu wa Pemba akasema "Bemba".

Wakubwa wakacheka. Mmoja akairudia, "Bemba!", wengine wakafuata. Na mimi nilicheka. Kamera ya mtoto ikazimika, na mwaka uliofuata alikataa hata kuchukua sura.

Mama ndiye aliyetutia adabu. Alitwaa daftari, akatuonyesha mstari ule. Kiarabu hakina herufi ya pa, na wazee wengi waliandika ba pahala pake, anayejua lugha akajisomea mwenyewe. Mama kaandika ba. Mtoto kasoma ba. Katika watu wote waliokuwamo usiku ule, ni yeye peke yake aliyesoma kile hasa bibi yake alichokiandika, na sisi tukamcheka.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wenzangu: acheni kuwacheka watoto. Acheni kuwasahihisha mbele ya watu ishirini. Mtoto wa Toronto anayetamka "shikamoo" kwa ulimi mzito ametoka mbali kulifikia neno hilo. Tunalalamika kwamba vijana wametukimbia na mara nyingi sisi ndio tuliowafukuza, kwa kicheko tu.

Najua wapo wanaopinga jambo lenyewe. Katika ukoo wetu mna madhehebu ya Ibadhi na mna ya Shafi: babu aliswali mikono chini, bibi alileta dua ya kunuti alfajiri, wakaishi nyumba moja mpaka mauti. Leo wapo vijana waliorudi masomoni wakisema hitima haina asili katika dini. Mmoja wao ni mtoto wa shangazi, na hoja zake anazo. Hatukumtoa, wala hatukumlazimisha juzuu. Tulimwomba akusanye sadaka kwa ajili ya marehemu, jambo asilolipinga, na hakuna mwaka hesabu yake ilichelewa. Ninaloliogopa mimi ni ndugu wawili kuacha kupigiana simu kwa sababu ya mabishano hayo. Hata mwandamo wa mwezi hutupa Iddi mbili, wengine wakila haluwa na wengine wakiwa bado wamefunga, na tumejifunza kupeana mkono wa Iddi mara mbili.

Yule msichana hakurudi kwa kuombwa radhi kundini. Mama alimpigia kila usiku wa kuamkia Ijumaa, wakasoma Yasini pamoja, aya yeye, aya bibi. Hawakuzungumza sana, maneno ya kuzungumza yalikuwa machache. Ilichukua miezi.

Msimu wa joto uliopita alikuja Unguja. Siku chache kabla, ami yetu mkubwa alikuwa amefariki Toronto, na jina lake halijaingia daftarini. Mkono wa mama siku hizi unatetemeka. Alimpa mtoto kalamu, akamtajia polepole: jina, jina la baba, kazaliwa Wete, Pemba, kazikwa Toronto. Mtoto aliandika ameinamia mkeka, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Mama akavaa miwani, akapitisha kidole.

"Hizi nukta tatu chini ya ba za nini, mjukuu wangu?"

"Za Pemba, Bibi."