Hilo "Hadi" Ndilo Lililokula Riba

Bango limesimama kwenye mzunguko wa barabara, kubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili. Mama mmoja anacheka meno yote 32 huku ameinua simu kana kwamba ndiyo iliyomzaa. "Pata riba ya hadi asilimia 8 kwa mwaka!" Ile 8 imechorwa isomwe na rubani. "Hadi" imeandikwa kwa herufi ambazo hata siafu angeomba miwani. Na maneno yote, ndugu yangu, yako kwenye "hadi".

Mwenye duka akikwambia ana viatu hadi namba 12, hajasema cha mguu wako kipo. Amesema tu kwamba mahali fulani pale ndani kuna kiatu cha jitu. Ile asilimia 8 nayo ni kiatu cha jitu: yake mtu mwenye milioni kadhaa, ambaye hata kwenye foleni ya benki hatujawahi kumwona, maana yeye huingilia mlango wa pembeni.

Akaunti za akiba hupangwa kwa ngazi. Tuchukue tarakimu za kufanyia hesabu tu: chini ya shilingi 10,000 hupati kitu, kutoka hapo hadi 50,000 unapata asilimia 2, kupita hapo asilimia 4, na ile 8 inakaa huko juu mawinguni. Wewe una 60,000. Umefurahi, umefika ngazi ya 4. Ngoja kwanza. Je, shilingi zote 60,000 zinalipwa asilimia 4, au kila kipande kinalipwa kwa ngazi yake? Zikilipwa zote pamoja, mwaka ukiisha una 2,400. Zikikatwa vipande, 10,000 za kwanza hazileti kitu, 40,000 zinazofuata zinaleta 800, na 10,000 za mwisho zinaleta 400. Jumla 1,200. Nusu kabisa! Bango ni lile lile, mama ni yule yule, meno ni yale yale.

Ukimaliza ngazi, uliza salio linapimwa lini. Hapa ndipo watu wanapochinjwa bila kulia. Kuna akaunti inayohesabu riba kwa salio la kila siku, na kuna inayohesabu kwa salio la chini kabisa la mwezi mzima. Tuseme hizo 60,000 zimekaa kimya kuanzia tarehe 1 hadi 27, kisha tarehe 28 karo ikabisha hodi, ukatoa 50,000, halafu chama kikakulipa ukazirudisha mwezi uliofuata ulipoanza. Kwa asilimia 4 safi isiyo na ngazi, hesabu ya kila siku inakupa kama shilingi 181 kwa mwezi huo wa siku 30. Hesabu ya salio la chini inakupa 33. Siku 27 za uvumilivu zimefutwa na siku 3 za karo. Na benki haijakuibia, maana iko kwenye masharti, ukurasa wa nne, chini ya kichwa kinachokufanya usinzie.

Na neno "kutoa wakati wowote" nalo ni la kuangalia kwa jicho moja. Mlango uko wazi, kweli, lakini kizingiti kina miiba. Masharti mengine yanasema ukitoa zaidi ya mara moja kwa robo mwaka, riba ya kipindi hicho inakwenda na maji. Mengine yanakutoza ada kila unapohamisha kwenda M-Pesa. Sasa fanya hesabu ya mtu mzima: 20,000 kwa asilimia 4 inazaa 800 kwa mwaka. Ada ikiwa shilingi 40 na wewe unatoa mara mbili kwa mwezi, umelipa 960. Yaani umeiazima benki pesa zako, kisha ukailipa kwa usumbufu.

Hapo serikali haijafika. Usijali, itafika. Hapa Kenya riba hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijaingia kwenye akaunti, na hiyo ndiyo kodi ya mwisho, huidai wala hudaiwi zaidi. Kwa hiyo 8 ni 6.8, na 4 ni 3.4. Benki Kuu nayo inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5, ukipanda ama kushuka kwa 2.5. Weka 3.4 yako kando ya hiyo 5 uone nani mrefu. Pesa imeketi benki, unga unatembea.

Bunge lilijaribu kutusaidia, tusiwe watovu wa shukrani. Sheria ya mwaka 2016 ilisema akaunti yenye riba ilipe angalau asilimia 70 ya kiwango cha Benki Kuu, yaani ile riba elekezi yake. Kiwango kikiwa asilimia 10, unapata 7. Basi ghafla zikaonekana akaunti za akiba zilizolala usiku zikiwa za akiba na kuamka asubuhi zikiitwa za miamala, na ya miamala hailipwi riba. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2018, wala hakuna aliyekifanyia matanga.

Ndiyo maana mjomba kwenye WhatsApp anakuambia achana na benki, ingia MMF, mfuko wa soko la fedha, unaokusanya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi. Mjomba hajakosea, ila anatuma picha ya skrini ya mwaka 2024. Februari mwaka huo kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13, hati za Hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zikalipa vizuri, na mifuko inayozinunua ikanona. Agosti kiwango kikaanza kushushwa, mifuko nayo ikaanza kukonda. Mapato ya MMF hubadilika kila siku, kwa hiyo picha ya zamani ni kama harufu ya nyama choma ya jirani.

Tena usilinganishe namba ya mfuko na namba ya benki hivi hivi. Jedwali la gazetini lina safu mbili: mapato ya siku, na mapato halisi ya mwaka. Ya pili imekwisha kujumlisha riba juu ya riba. Asilimia 10 inayoongezwa kila siku inasomeka 10.52 mwisho wa mwaka. Ikiongezwa kila mwezi ni 10.47, na kila robo mwaka 10.38. Benki iliyoandika 10 na mfuko ulioandika 10.5 huenda ni mapacha, mmoja amevaa viatu vya kisigino. Namba ya mfuko kwa kawaida imeshaondoa ada ya msimamizi lakini haijaondoa ile kodi ya 15, basi kata kodi hiyo kwenye namba zote mbili kabla ya kuzipigia kura.

Halafu uliza itachukua muda gani kutoka. Mifuko mingine hulipa papo hapo kwenye simu, mingine siku 2 au 3 za kazi. "Za kazi", umesikia? Ombi la Ijumaa jioni linaanza kuhesabiwa Jumatatu, na marehemu wa Jumamosi hakuulizwa. Jambo jingine linalosahaulika: benki ikianguka, Shirika la Bima ya Amana linakulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila benki (ona, "hadi" nyingine, lakini hii angalau ina adabu). MMF iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na bima hiyo haiigusi. Si kusema ni hatari kama bodaboda kwenye mvua. Ni kusema zile chache za ziada unazolipwa zina sababu.

Na Sacco je? Sacco inalipa vizuri, lakini amana zile ulizomdhaminia shemeji mkopo usizihesabu kama pesa ya dharura. Hizo hutoi wakati wowote. Hizo ni mateka mpaka shemeji amalize kulipa, na shemeji amehamia Nakuru.

Kwa wasiokula riba kabisa, akaunti ya mudharaba, ile ya benki za Kiislamu, haina asilimia ya kuahidi, maana faida hugawanywa baada ya kupatikana. Huko ulizia mgao: katika kila shilingi 100 za faida, ngapi zangu, ngapi za benki? Kisha omba kuona walichogawa miezi iliyopita. Mwenye kukuahidi namba kamili mapema, muulize mara ya pili.

Sasa utajuaje akaunti uliyo nayo inalipa nini hasa? Usimpigie mhudumu, utasikiliza muziki mpaka uujue kwa moyo. Chukua taarifa ya akaunti ya miezi 3. Tafuta riba iliyoingia. Tuseme ni shilingi 306, na salio lako la wastani lilikuwa 60,000. Kama kodi ilishakatwa, gawanya 306 kwa 0.85, unapata 360. Zidisha mara 4 kupata mwaka: 1,440. Gawanya kwa 60,000. Asilimia 2.4. Hiyo ndiyo riba yako, mengine yote ni picha za bangoni. Ukikuta hakuna riba hata moja kwenye miezi hiyo, angalia kama akaunti hulipa mara moja kwa mwaka, au kama salio lilishuka chini ya ngazi ya kwanza siku moja tu, labda ile siku ya karo.

Wakikupa ofa ya wateja wapya, andika tarehe inapokwisha kwenye kalenda ya ukutani, karibu na siku ya gesi. Baada ya hapo kiwango hushuka kimya kimya. Wakati wa kupanda walituma SMS tatu.

Na kabla hujaanza kuhama benki kama nyani wa mti hadi mti, pima kama safari inalipa. Chukua tofauti ya riba, zidisha kwa salio, ondoa kodi, ondoa ada za kuhamisha. Mwenye 400,000 akipata pointi moja zaidi anaongeza 4,000, kodi inachukua 600, anabaki na 3,400 kwa mwaka. Huyo ahame, tena leo. Mwenye 20,000 anaongeza 200, kodi 30, anabaki na 170. Gawa kwa miezi 12: shilingi 14. Hiyo ni mandazi moja ya shilingi kumi, na chenji ya shilingi 4 ambayo dukani hawana, watakupa peremende.