"Mtani, simama tukuone!"

Kwenye harusi moja Isevya, mjini Tabora, MC alikuwa Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoanza kuturushia maneno. Ilipofika zamu ya kutambulisha ukoo wa bwana harusi, akamwita baba mdogo: "Mtani, simama tukuone!"

Baba mdogo yuko kwenye kitimwendo. Ukumbi ukanyamaza mpaka tukawa tunasikia feni. Akaomba maiki. "Asimame aliyekosa kiti. Mimi nimekuja na changu."

Kina mama wa kamati walishika mbavu. Mimi nilikuwa namtazama mhudumu. Mwanzo alikuwa akimuuliza kijana anayemsukuma baba mdogo: "Atakunywa soda gani?" Baada ya maiki ile akamwinamia mwenyewe: "Baba, nikuletee nini?"

Wanaosema vichekesho hubadilisha mitazamo kuhusu watu wenye ulemavu wana hoja, basi. Mahubiri ya huruma tumeyasikia miaka mingi, na fulana za maadhimisho tumezivaa mpaka zikapauka. Unayemhurumia utampa sarafu. Kumpa kazi au kumwoza binti yako ni habari nyingine. Kicheko huondoa ule woga wa "nitaanzaje kuongea naye". Uingereza, mwaka 2018, Lee Ridley, ambaye hawezi kuongea na husema kwa msaada wa mashine, alishinda shindano la televisheni la Britain's Got Talent kwa kura za watazamaji. Vichekesho vyake vingi vinahusu hali yake mwenyewe.

Upande wa pili, kwa sisi wa magharibi mwa Tanzania, una machungu yake. Watu wenye ualbino wanalijua neno "dili", yaani kitu cha kuuza upate pesa. Kijana anapita stendi, mmoja anapaza sauti "dili hilo!", kijiwe kizima kinacheka. Waliolitamka wakiulizwa walisema ni utani tu, na wakati huohuo watu walikuwa wakikatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Shule ya Kabanga kule Kasulu, Kigoma, ikawa kimbilio la watoto, wengine wakiishi mbali na wazazi wao. Nani atamwambia mtoto aliyelelewa hivyo kwamba kicheko ni dawa?

Halafu kuna komedi zetu za kawaida. Mwigizaji mzima wa afya anakunja mguu, anapinda mdomo, anajitia kigugumizi, watu wanaangua kicheko. Tukio likiisha anajinyoosha na kwenda zake. Jumatatu watoto wanaijaribu darasani kwa mwenzao, ambaye hawezi kujinyoosha. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, ishara kwamba tabia hii haikuletwa na runinga.

Mimi napima kwa kanuni ya utani wenyewe: anayetaniwa ana haki ya kurudisha, na watu wanangoja arudishe. Baba mdogo alipewa maiki. Yule kijana wa stendi akirudisha, nani atamsikiliza? Tena mtani ana wajibu: anayekutania leo ndiye utakayemwona msibani kwako akishika jembe. Mchekeshaji anayevuna kicheko kwa kuiga kiwete hana wajibu wowote kwa huyo kiwete.

Lakini hata utani wa haki haubomoi ngazi. Ukumbi ule una ngazi saba, na baba mdogo aliingia akiwa amebebwa na vijana wanne, shati limemchomoka, viatu vinaning'inia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Tulicheka, tukala pilau, tukamshusha kwa ngazi zilezile, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne. Na vipi asiye na mdomo mwepesi? Yule aliyechoka, mwenye hasira zake? Naye ana haki ya kupita mlangoni bila kutuchekesha kwanza.

Wakati tunaondoka MC alitufuata nje. Alikuwa na sherehe nyingine Urambo, akataka baba mdogo aende akafungue shughuli, malipo wataelewana.

"Ukumbi una ngazi ngapi?"

"Tano, nadhani."

"Basi bei yangu ni kwa kila ngazi."