Baada ya upasuaji wa goti: tuhesabu miezi au kilo?

Mwaka 2012 uliwaachia Wamarekani magoti mawili ya kubishania. Adrian Peterson wa Minnesota Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani, alichanika ligamenti ya ACL, ile inayoshikilia mifupa ya goti katikati, Desemba 24, 2011. Septemba alikuwa uwanjani, na msimu ukaisha akiwa amekimbia na mpira yadi 2,097 na kutwaa tuzo ya mchezaji bora. Derrick Rose wa Chicago Bulls, timu ya mpira wa kikapu, aliumia Aprili 2012, akakosa msimu mzima uliofuata huku akilaumiwa kuwa anajidekeza, kisha Novemba 2013 akachanika menisko, gegedu la kati ya mifupa ya goti. Vijiweni wengi wakakata shauri: kusubiri hakuna faida, piga chuma urudi.

Mimi nalikataa. Goti lililomwangusha Rose mara ya pili lilikuwa lile jingine, ambalo halikuguswa na kisu mwaka 2012. Na Peterson ni Peterson, si kipimo cha kila mtu.

Kambi ya kalenda, yaani wanaohesabu miezi, ina hoja nzito. Kano inayopandikizwa mahali pa ligamenti, iwe imetolewa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, haishiki kazi siku hiyohiyo. Seli zake nyingi hufa kwanza, kisha mwili huanza kuijenga upya taratibu. Katika miezi hiyo ya mwanzo ni dhaifu, na hakuna skwati (kuchuchumaa na kuinuka) ya kuiharakisha. Balaa ni kwamba uvimbe huisha mapema, maumivu hupotea, na mgonjwa hujiona mzima.

Kambi ya chuma, wanaohesabu kilo, nayo haibahatishi. Goti likivimba, msuli wa mbele ya paja huzimika na kunywea ndani ya wiki chache, wala haurudi kwa kukaa. Nimeona watu waliotimiza miezi tisa yao kwa kutembea jioni tu; ukiwavalisha kaptula, paja moja ni la mtu mwingine.

Utafiti wa Delaware na Oslo, uliochapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia wagonjwa 106 kwa miaka miwili, ulizipa silaha kambi zote mbili. Kila mwezi wa kuchelewa kurudi, hadi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban 51%. Lakini waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, 38.2% waliumia tena, waliofaulu, 5.6%. Kwangu mimi, chuma hakikati miezi. Kinaifanya miezi iwe na kazi.

Ugomvi mkali zaidi uko kwenye mashine ya kunyoosha goti ukiwa umekaa. Wengi huiogopa kwa kuwa huvuta kipandikizi, yaani ile kano iliyopandikizwa, wakabaki na skwati. Hofu ina msingi, ila kwenye skwati nyonga na mguu usioumia huiba kazi, na paja lenye shida linapumzika bila mtu kugundua. Mwongozo wa Uholanzi wa 2016 ulipita katikati: mashine iruhusiwe kuanzia wiki ya 4, goti likicheza mwanzoni kati ya nyuzi 90 na 45 tu, na aliyetolewa kano ya nyuma ya paja asiongezewe uzito kabla ya wiki ya 12. Huo naukubali, mradi mtaalamu wa fiziotherapia yupo karibu.

Vipimo vyenyewe vina hila. Kinachotakiwa mara nyingi ni mguu uliopasuliwa ufikishe 90% ya mwenzake: mguu mzima ukiruka sentimita 160, huu uruke 144. Futi kamba inatosha, ndiyo maana kipimo hiki kimependwa hata pasipo na mashine za bei. Ila mrukaji mjanja hutumia nyonga na kifundo kuficha paja bovu. Tena mguu mzima nao hulegea kwa kukaa nje miezi yote hiyo, kwa hiyo 90% inaweza kuwa sehemu ya kitu kilichokwisha kupungua. Ikiwezekana, mguu huo upimwe kabla ya upasuaji, na namba yake iandikwe kwenye faili la mgonjwa.