Moto wa 1902 nausamehe, ramani siisamehi

Nikienda kununua leso Biashara Street, Nairobi, mtaa ambao zamani uliitwa Bazaar Street, huwa nawaza habari za moto. Mwaka 1902, miaka 3 tu baada ya reli kufika kwenye kinamasi kile, tauni ilizuka katika bazaa ya Wahindi. Anayetajwa kuigundua ni Rosendo Ribeiro, daktari Mgoa (mtu wa Goa, India) aliyekwenda kuwaona wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia (naam, punda milia). Serikali ikaamuru bazaa itiwe moto.

Moto huo niko tayari kuusamehe. Tauni hailetwi na kirusi, huletwa na bakteria, na mwanasayansi Yersin alikuwa ameshaitambua Hong Kong mwaka 1894. Mtafiti mwingine, Simond, mwaka 1898 alikuwa amesema kiroboto ndiye anayeihamisha kutoka kwa panya hadi kwa mtu, lakini wakubwa wengi wa udaktari walikuwa bado wanamcheka. Mtu aliyeshikwa na hofu, mbele yake vibanda vya mabati vimebanana na maji machafu hayana pa kwenda, atakimbilia kiberiti.

Nisichokisamehe ni kilichofuata. Tauni ilirudi, tena na tena, na mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson kukagua usafi wa miji. Kufikia hapo, habari za panya na viroboto hazikuwa na mjadala tena. Dawa ilijulikana: ghala za nafaka zisizoingilika panya, mitaro, takataka zizolewe. Hata hivyo, pendekezo lake lililodumu kuliko yote ni la kutenganisha watu kwa rangi kwenye ramani ya mji: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati yao uwanda usiojengwa. Kana kwamba kiroboto husimama mpakani akaonyesha cheti.

Tena tujiulize, uchafu ule ulikuwa wa nani? Mji ulijengwa na wahandisi wa reli waliotaka mahali tambarare pa kuegesha mabehewa, juu ya udongo mweusi usionyonya maji. Baadhi ya madaktari walishauri mji wote uhamishwe. Haukuhamishwa. Wakubwa wakapanda Hill, mtaa wa kilimani penye upepo, mwenye duka akabaki bondeni, kisha akaambiwa kwamba ni yeye anayeleta ugonjwa.

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliachana na mpango wa kuwatenga Wahindi mijini. Walikuwa wamepiga kelele kweli, na walikuwa na wanasheria na magazeti. Mwafrika hakuwa na hivyo. Yeye alikuwa anapelekwa Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika, na vijiji vyake vya awali vikabomolewa kimoja kimoja, Pangani kikiwa cha mwisho mwisho, 1939.

Masika yakianza, pita Hill kisha ushuke hadi Pumwani siku hiyohiyo. Vaa gambuti.